Mtoto Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia ni ya zamani, lakini naikumbuka kuliko jana. Ilikuwa asubuhi, wakati wa vita ya kwanza ya Kongo, hapa hapa Bukavu. Mwanamke mzee aliniuliza mbele ya watu mtoto wangu amekojoa mara ngapi tangu jana, nami nikamjibu vibaya. Wewe umejifungua juzi, na mwezi huu utasikia mashauri mengi, mengine ya bure kabisa. Langu linatoka katika kosa langu mwenyewe, kwa hiyo naomba ulisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi, na mtaani kwetu Muhungu kila mtu aliniita Madame, hata watu wenye umri wa baba yangu. Jina hilo lilinipendeza, sitaficha. Mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule. Kazi ilimpeleka Shabunda, huko msituni, kisha ndege zikasimama, naye akabaki huko bila njia ya kurudi wala ya kutuma habari. Mama yangu alikuwa Sange. Unajua desturi yetu: binti akizaa mara ya kwanza, mama yake huja kukaa naye mwezi mzima, ampikie uji, amkande kwa maji ya moto, ambebe mtoto ili mzazi alale. Mama alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Lakini vita ilianzia huko kwao, katika tambarare ya Ruzizi, na barabara ya kupanda kuja Bukavu ikafungwa.

Basi nilimzaa Faida bila mtu wangu hata mmoja kando yangu. Alizaliwa vizuri, analia, kilo tatu na kidogo. Kesho yake nikarudi nyumbani kutoka kituo cha afya na kikwembe kimoja kiunoni na kingine kimemfunika mtoto, mvua inanyesha. Majirani walikuja kunipa pongezi. Waliniuliza kama niko sawa, nikasema niko bien. Waliniuliza kama maziwa yameshuka, nikasema yameshuka. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa cha malezi, nilikisoma mara mbili nikiwa na mimba, na niliona aibu Madame kuulizwa mambo ya maziwa akakosa jibu.

Ukweli ni kwamba siku ya tatu chuchu zilipasuka. Mtoto alipozishika nilibana meno mpaka machozi yakanitoka. Nikazoea kuhesabu kimoyomoyo, moja mpaka ishirini, nikifika ishirini namtoa. Yeye hakupinga. Alifumba macho akalala, nami nikashukuru.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, risasi zikaanza. Mwanzoni zilikuwa mbali, kisha zikawa juu ya paa zetu. Nyumba yangu ilikuwa ya mbao. Jirani yangu Papa Cito, fundi wa saa, alikuwa na nyumba ya matofali yenye korido ndefu katikati, isiyo na dirisha. Alikuja mwenyewe kunichukua. Tuliingia watu kumi na mmoja katika ile korido: Papa Cito, mke wake Maman Cito na watoto wao, familia nyingine ya pale mtaani, mwanamume mmoja karani tuliyemwita Tonton Bosco, yaani mjomba, mimi na Faida. Na mama mzazi wa Maman Cito, mkulima wa Mudaka. Alikuwa ameleta maharagwe na viazi vitamu kwa binti yake, vita ikamkuta mjini. Wote walimwita Koko, yaani bibi. Mimi sikumwita kitu. Nilimsalimia tu, kwa kuwa alikuwa na miguu yenye udongo na hakujua Kifaransa. Nakuambia nilivyokuwa, usinione vibaya sana.

Tulikaa hivyo siku tatu. Mtoto wa mwisho wa Maman Cito, wa miezi minane, alilia kila bomu lilipoanguka, na kila alipolia watu walimtazama mama yake kwa hasira. Nje kulikuwa na askari wanaopita nyumba kwa nyumba, na hatukujua ni wa upande gani. Faida hakulia. Alilala asubuhi, alilala mchana. Tonton Bosco alimnyooshea kidole akasema:

"Tazameni mutoto wa Madame. Huyu bebe iko na akili. Anajua vita."

Wote wakamsifu. Nami, mwanangu, nilijisikia kama mwanafunzi aliyepata alama ya kwanza darasani. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, hata kufua nepi ilikuwa shida, lakini mtoto wangu hakuzichafua. Niliikunjua nepi nikaikuta kavu, nikaikunja tena nikisema moyoni: huyu ananihurumia mama yake.

Asubuhi ya siku ya nane risasi zilipungua kidogo. Koko alikuwa ameketi mwisho wa korido, karibu na mlango wa jikoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Kumbe siku zote hizo alikuwa ananitazama. Akaweka ungo chini akasema:

"Madame, bebe amekojoa mara ngapi kutoka jana?"

Watu walisikia. Uso wangu ukawaka moto. Nikamjibu, tena kwa sauti niliyotumia darasani:

"Koko, mimi nimesoma. Kitabu kinasema mtoto mchanga analala saa nyingi kila siku."

Hakubishana na kitabu changu. Aliinuka taratibu akaja, akapiga magoti, akamfunua Faida. Alimpiga ukucha kidogo kwenye unyayo. Mtoto alikunja uso, akafungua macho nusu, akafumba. Koko alimtia kidole kinywani, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Kisha alimfungua jicho moja kwa kidole gumba akanionyesha: sehemu nyeupe ilikuwa ya manjano.

"Kwa mutoto huyu, hii si kutulia," akasema. "Anaisha nguvu. Munamusifu juu ya nini?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Koko hakuniacha. Aliuliza kwa sauti ya chini, sasa akisema na mimi peke yangu:

"Maziwa?"

"Yananiuma, Koko. Chuchu zimepasuka. Namtoa haraka."

"Ulimuambia nani?"

"Hakuna."

"Watu kumi wako hapa, Madame. Hakuna hata mumoja?"

Hilo ndilo karipio nililopata, na sijapata jingine kali kama hilo maishani. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Kisha akageuka akaanza kazi. Alimwambia binti yake akamue maziwa yake kwenye kikombe, kwa kuwa alikuwa ananyonyesha. Siku hizi wauguzi watakuambia kwamba kumpa mtoto maziwa ya mwanamke mwingine kuna hatari ya magonjwa na lazima uwaulize wao kwanza, na wana haki. Sisi siku ile hatukuwa na wa kumuuliza. Mimi akanivua blauzi, akanikanda matiti kwa kitambaa cha maji ya moto. Mtoto akamvua nguo zote, akawa anamsugua mgongo na nyayo ili aamke.

Hapo Tonton Bosco akasimama.

"Sasa munafanya nini? Munataka alie? Hao watu wako hapo nje! Wakimusikia, wataingia, watatuua wote!"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke mjamzito kule mtaa wa Bagira, hakujua kama yuko hai, na hofu ilikuwa imemmaliza. Koko hakuacha kusugua.

"Akilia, tutajua iko muzima."

Tonton Bosco akamgeukia mwenye nyumba. Papa Cito alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, mikono na miguu imelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Muache alie," akasema. "Nyumba ni yangu."

Tulimlisha kwa kijiko kidogo cha chai. Maziwa ya kijiko cha kwanza yote yalitokea pembeni mwa mdomo. Ya cha pili pia. Koko alisubiri, akapitisha ncha ya kijiko kwenye mdomo wa chini, akatia tone moja, akasubiri tena. Nilimwona Faida akimeza. Mpaka leo siwezi kukueleza nilivyojisikia kuona koo lile dogo likisogea. Tuliendelea hivyo tangu asubuhi mpaka jua likapita katikati, tone kwa tone, tunapokezana. Mara kwa mara Koko alimleta kwangu, akanionyesha kwamba nilikuwa nampa ncha tu ya titi. Ilitakiwa asubiriwe mpaka afungue kinywa chote, ndipo avutwe karibu, kidevu kiguse titi. Aliponishikia hivyo, maumivu yalipungua karibu nusu. Jambo dogo kama hilo, mwanangu, na kitabu kilikuwa na picha yake.

Saa tisa mchana tulisikia hatua za viatu kwenye changarawe. Kila mtu aliganda. Na hapo ndipo Faida alipochagua kulia. Kilikuwa kilio kamili, cha hasira, cha mtoto mwenye njaa. Tonton Bosco aliziba uso kwa mikono. Maman Cito alinyoosha mkono amzibe mtoto mdomo, Koko akaushika mkono ule akaurudisha chini.

Wakagonga mlango kwa kitako cha bunduki. Papa Cito akaenda kufungua. Askari wawili waliingia, mmoja akabaki mlangoni, mwingine akaja mpaka kwenye korido. Alitutazama mmoja mmoja, akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimeketi chini, kifua wazi, mtoto anapiga kelele mikononi mwangu.

"Wa siku ngapi?"

"Nane," nikasema.

Kisha akasema, kama mtu aliyechoka, "Munyonyeshe basi." Akaingia chumbani akachukua redio ya Papa Cito, mwenzake akachukua sufuria ya maharagwe iliyokuwa motoni, wakaenda zao. Katika nyumba ya tatu kutoka kwetu hawakuondoka hivyo. Sitakuelezea ya huko. Nakuambia tu ili usidhani kwamba kilio cha mtoto kilituokoa. Tulipona, basi. Koko alijua hatari hiyo kama Tonton Bosco alivyoijua, lakini alichagua mtoto alie.

Nilimnyonyesha. Alishika titi akanyonya, sikuhesabu.

Baada ya siku mbili mji ulitulia, Koko akanisindikiza kwa miguu mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimpima Faida akakuta amepungua sana tangu kuzaliwa. Alimtazama macho, akatuweka pale siku nne. Aliniuliza nani aligundua, nikamwonyesha Koko, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na vikwembe vyangu mapajani. Muuguzi akamwambia, "Aksanti, maman. Mungechelewa kidogo, hatungefanya kitu." Koko akauliza kama kuna maji ya kufulia.

Alikaa kwangu mpaka mwezi ukaisha. Alifanya kila kitu ambacho mama yangu angefanya, akanifundisha kutengeneza uji wa mtama jinsi wanavyoupika Mudaka, mzito, wenye maziwa kama yapo. Siku aliyoondoka nilimwomba msamaha kwa jinsi nilivyomjibu. Alicheka. "Ulikuwa na woga," akasema, "na muwoga anaongea kwa nguvu." Mama yangu alifika baadaye, amekonda, na mume wangu baadaye zaidi, baada ya kutembea msituni majuma. Alimkuta mtoto amenenepa, akasema, "Kumbe mlikuwa sawa tu." Nikacheka mpaka nikalia.

Sasa nisikilize. Katika mwezi huu wa kwanza usimsifu mtoto kwa kulala wala kwa kunyamaza. Muamshe anyonye. Tazama nepi, ikikaa kavu nusu siku, hilo si jambo la kufurahia, ni jambo la kupeleka hospitali, na usingoje kesho. Mtazame macho kwenye mwanga wa mchana. Ukisikia maumivu ya kunyonyesha, sema siku ile ile, kwa mama mkwe, kwa jirani, kwa muuguzi, kwa yeyote aliye karibu. Usiseme "niko bien" kwa sababu tu wewe ndiye uliyesoma. Mimi kusoma hakukuniharibia kitu. Kilichotaka kuniulia mtoto ni kuogopa kuonekana sijui. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayemtembelea mzazi, usiishie kumpa pongezi na sabuni. Keti, muombe akupe mtoto, mfunue, na umuulize lile swali hata kama atakasirika.

Haya, mlete nimbebe, nawe ukalale. Mungu ayashushe maziwa yako, aupe mwili wako nguvu, amkuze mtoto huyu katika nchi isiyo na risasi. Na popote utakapokwenda kuishi, akupe watu ambao hutaona aibu kuwaambia kwamba umeshindwa.