Njia ya Katikati ya Mafunjo

Idara ya Bustani na Fukwe iliujulisha umma, kwa tangazo lenye muhuri wa bluu, kwamba Bustani mpya ya Ufuo wa Kosudhe ni salama kwa watu wa rika zote, saa zote. Na kwamba, kwa mujibu wa utafiti wa kitaalamu uliofanywa kabla ya ujenzi, hakuna mnyama wa porini anayeishi ndani ya mipaka yake.

Mtaalamu aliyefanya utafiti huo alilisoma tangazo likiwa limebandikwa kwenye nguzo ya stima pale Otonglo, Kisumu, akalirudia mara ya pili. Aliitwa Nangila Wabwire, umri miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa usanifu wa mandhari, yaani fani ya kupanga viwanja, njia, miti na mitaro ili watu wakae nje kwa raha bila kujua kwamba kuna mtu aliyeketi akawapangia. Utafiti wenyewe ulikuwa karatasi moja aliyoijaza kwa penseli kwa ajili ya projekti ya darasani, asubuhi tatu tofauti, kati ya saa nne na saa sita.

Uoga ulikuwa umemfikisha mbali. Alikulia Muhoroni, ambako baba yake aliendesha trekta la miwa, na akiwa na miaka minane aliona trela likilala ubavu kwenye kona, taratibu, kama mtu anayetafuta usingizi. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kuona mteremko bila kujiuliza ni nani atakayeanguka pale. Mama yake alisema mtoto huyu anaogopa hata nguo zilizoanikwa. Chuoni uoga huo ukapewa alama. Njia zake zilipanda polepole hata mwenye kiti cha magurudumu asitoe jasho. Miti yake ya miiba ilikaa mbali na mahali watoto wanapokimbilia. Hakuna benchi lake lililowekwa chini ya mti unaodondosha kitu kizito. Mwalimu wake, Daktari Obonyo, aliwahi kumwambia mbele ya darasa zima, "Nangila, wewe unachora kama mtu wa bima." Kisha akampa alama za juu kuliko wote.

Kosudhe alipelekwa na darasa. Kulikuwa na uwanja wa nyasi chache, halafu ukuta wa mafunjo marefu kuliko mtu, halafu ziwa. Katikati ya mafunjo palikuwa na njia. Sasa, katika fani hii kuna kanuni ambayo wanafunzi hukaririshwa mpaka waiote: kabla ya kuchora njia, tazama miguu imeshachora wapi. Ukiwajengea watu njia yako, watakata kona na kupita kwenye maua. Ukiwajengea njia yao, watakubariki. Nangila alifurahi. Akaipima: upana mita moja na nusu, udongo mgumu, mifereji miwili sambamba na nyasi kidogo katikati. Akaandika, "Njia ya asili, inatumika sana. Mifereji: huenda ni mikokoteni ya samaki." Kwenye kisanduku cha wanyama akaandika, "Hakuna. Mbuzi wawili." Hakujiuliza mkokoteni uliingia ziwani kufanya nini. Na saa sita kamili aliondoka, kwa sababu aliogopa kukaa ufuoni mpaka jioni.

Mchoro wake ulikuwa mzuri, na hakuna aliyebisha. Njia ile ikatandikwa mawe laini. Ikapanda kutoka majini kwa mteremko wa upole hadi kwenye duara la nyasi nene, laini, ambapo watoto wangeketi kusimuliwa hadithi huku wakiliona ziwa. Idara ikaupenda, ikauomba chuoni, ikaanza kuujenga. Nangila akapewa nafasi ya mafunzo ya kazi hapo hapo, akavaa helmeti ya njano iliyomfunika nyusi.

Siku mbili kabla ya kuliona tangazo, alikuwa akikagua miinuko ya ardhi kwa darubini ya vipimo. Kibarua wa kushika fimbo ya namba hakuwa ametokea. Mama Rosa Akinyi, aliyekata mafunjo hapo kila siku ili asuke mikeka, akajitolea.

"Mama Rosa, simama kwenye njia. Shika wima."

"Hapa nasimama kidogo tu. Pima haraka."

"Kwa nini?"

"Si ni njia ya mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

Mama Rosa alimtazama kama unavyomtazama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha bwana harusi. "Si ni wewe ulichora hii kitu?"

"Ni mimi."

"Basi tulikusifu sana. Tukasema huyu msichana ako na heshima. Serikali haijawahi kutengenezea rao barabara. Wewe umemwekea mpaka mawe, asiteleze."

Nangila alikuwa amekaa Kisumu miaka minne na Kiluo chake kilitosha kununua omena. Kilitosha pia kujua kwamba rao ni kiboko.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

"Uliuliza? Ulikuja na karatasi, ukahesabu miti, ukapiga jua picha. Ukasalimia watu vizuri. Saa sita ukaenda kwako. Tukasema, huyu amesoma, anajua."

"Anapita saa ngapi?"

"Jua likianza kuzama. Saa kumi na mbili na nusu hivi. Anakula nyasi, anarudi alfajiri. Yeye ako na njia yake, sisi tuko na yetu. Ukikaa kando hana maneno na wewe. Ukimkalia njia, nyathina, mwanangu..." Alielekeza kidevu kwenye mtumbwi uliopinduliwa nchi kavu, ubavu wake umezibwa kwa bati mahali pawili, mabaka ya mviringo, kila moja ukubwa wa sahani. "Hiyo ilikuwa ya shemeji yangu Oketch. Siku hizi anauza mitumba."

Nangila aliinama akaitazama tena ile mifereji miwili, pale ambapo mawe yalikuwa hayajatandikwa. Miguu ya kushoto, miguu ya kulia. Mita moja na nusu. Alikuwa amempima mnyama nyonga bila kumwona, kisha akamtandikia mawe, kisha akampandia chakula mwisho wa njia. Na katikati ya chakula angeketisha watoto. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na watoto arobaini wa shule ya chekechea wangeimba wakiwa kwenye duara. Ratiba ilisema saa nane mchana. Nangila alikuwa ameshahudhuria sherehe tatu za idara na alijua kwamba saa nane ya ratiba ni saa kumi na moja ya saa za watu.

Kwa hiyo alipolisoma lile tangazo alienda moja kwa moja kwa afisa mipango, Bwana Oyugi, mtu mpole mwenye meza safi. Alimweleza yote bila kupumua. Bwana Oyugi alifungua faili, akatoa nakala ya karatasi ya penseli.

"Wanyama: hakuna, mbuzi wawili," alisoma. "Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Sasa ni nani anaupinga utafiti?"

"Mimi, Bwana Oyugi."

"Msichana wangu, huwezi kujipinga mwenyewe halafu tuite hiyo kazi ya kitaalamu. Tena hukukosea. Kiboko anaishi ziwani. Mipaka yetu inaishia maji yanapoanzia."

"Lakini anatoka."

"Akitoka, anatembelea. Tangazo linasema anayeishi."

"Tujenge ukuta mdogo tu, mbele ya watoto."

"Ukuta mbele ya ziwa haupiti. Kamati ilisema wananchi waone maji." Alilifunga faili. "Halafu ile barua yako ya kumaliza mafunzo iko hapa. Bado sijaisaini." Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayekukumbusha usisahau mwavuli.

Siku zilizofuata Nangila hakula vizuri. Akifumba macho aliona mafunjo yakitikisika. Akiyafumbua aliona muhuri. Bila ile barua asingehitimu, na baba yake alikuwa ameshatangaza Muhoroni nzima kwamba binti yake anajenga ziwa. Jambo rahisi lilikuwa kuwa mgonjwa Jumamosi. Alilifikiria kwa dhati, hata akachagua ugonjwa.

Aliyemwokoa na ugonjwa huo alikuwa Simiyu, fundi mkuu wa mawe, mtu wa Bungoma aliyemwita dada bila kuombwa. Alimkuta ameketi kwenye rundo la kokoto na helmeti magotini.

"Mama Rosa ametuambia," Simiyu alisema. "Wewe umekonda kwa siku tatu kuliko mimi kwa mwaka. Nimemuuliza sukuma wiki yake inaponaje, na ako hapa karibu na maji. Anasema ni ukuta wa mawe, unafika hapa." Aligusa paja. "Huyo mnyama haruki, dada. Tumbo ni kubwa, miguu ni vijiti. Akikuta ukingo, anazunguka. Analaani, lakini anazunguka."

"Ukuta wamekataa."

"Wamekataa ukuta. Benchi je?"

Nangila alinyanyua kichwa. Benchi la kukalia huwa na kimo cha sentimita arobaini na tano. Hilo kiboko analipita bila kulitambua. Lakini kimo hupimwa kutoka upande gani? Aliomba penseli ya Simiyu, akachora juu ya mfuko wa saruji. Benchi la mawe la mviringo, kuzunguka duara la watoto. Kwa ndani, sentimita arobaini na tano, mtoto anakaa miguu inaning'inia. Kwa nje, ardhi inachimbwa chini sentimita arobaini, kwa mteremko usioonekana, ili mwenye kutoka ziwani akute jiwe la themanini na tano. Aliyeketi ndani anaona nyasi na maji, hakuna ukuta. Nyuma, upande wa barabara, mlango mwembamba wa kupita mtu kwa ubavu. Njia ya mawe akaipindisha ipite kando ya benchi, ifike kwenye nyasi za upande wa mashariki, kwa sababu mwenye njia alikuwa na haki ya kula.

"Tungeongeza iwe tisini," alisema.

"Mawe ya tisini hayapo. Tuko na ya themanini na tano."

Bwana Oyugi aliusaini mchoro siku hiyo hiyo. Ulikuwa umeandikwa "Benchi la kupumzikia, watoto", na alichotaka kubadilisha ni kuongeza mahali pa kibao chenye jina la mkurugenzi. Simiyu na mafundi wake walilimaliza Ijumaa saa tisa.

Jumamosi Nangila alifika mapema akakuta hema la wageni wa heshima limepigwa nje ya benchi, juu kabisa ya njia ya mawe, kwa sababu pale ndipo picha ingetoka vizuri.

"Bwana Oyugi, lisogezeni."

"Itifaki," alijibu Bwana Oyugi, akipanga maua ya plastiki.

Mkurugenzi alifika saa kumi na moja na robo. Watoto waliingia kwenye duara mmoja mmoja kwa ubavu, wakicheka, na Mama Rosa aliingia nao, akaketi karibu na mlango na mkeka mapajani kama aliyekuja kuuza. Maombi yakasomwa. Wimbo ukaimbwa. Mkurugenzi akazungumzia utalii. Jua likashuka juu ya maji, na Nangila, aliyesimama ndani ya benchi akishikilia jiwe, hakusikia hata neno moja. Saa kumi na mbili na dakika ishirini Bwana Oyugi alisimama kutoa shukrani, akaanza kwa kusoma tangazo.

"Ni salama kwa watu wa rika zote," alisoma, "saa zote..."

"Amefika," alisema Mama Rosa, kwa sauti ya kutaja mvua.

Mafunjo yalitikisika, yakatulia. Kisha mawe laini yakatoa sauti ya kitu kilicholowa na kizito. Alikuwa mpana kadiri ileile ya njia. Nangila alitaka kukimbia, na mwili wake ulikubali, isipokuwa miguu, ambayo ilimpeleka upande usiofaa: juu ya benchi, chini kwa nje, mpaka hemani.

"Bwana Oyugi. Mkurugenzi. Tuingieni ndani ya benchi. Polepole. Msikimbie, tafadhalini."

"Programu..." alianza Bwana Oyugi, kisha akageuka, na programu ikamwishia midomoni.

Waliingia. Mkurugenzi alipandishwa na watu wawili na kiatu kimoja kikabaki nje. Nangila aliingia wa mwisho, amejikwaruza magoti. Kiboko aliingia hemani, akaisukuma meza ya maua kando kama mtu anayesukuma mlango wa kwake, akaja mpaka benchi. Akaweka kidevu juu ya jiwe. Kilitosha kabisa, kama kwamba kimepimiwa. Nangila alizihesabu nywele za mdomoni, nene kama vijiti vya ufagio, na akafikiria zile sentimita tano zilizokosekana kwenye mawe.

"Ana meno machafu," mtoto mmoja alinong'ona.

"Nyamaza, ni mgeni," Mama Rosa alimwambia. "Ama sisi ndio wageni. Nyamaza tu."

Kiboko alipumua mara mbili, akageuka, akalifuata jiwe kwa ubavu mpaka upande wa mashariki, akaanza kula. Hesabu ya Nangila ilionyesha dakika sitini na tano kabla hajasogea mbali kiasi cha watu kutoka kwa mlango wa barabara. Dakika hizo zote Bwana Oyugi alikuwa ameketi kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu. Jumatatu aliisaini ile barua bila kuisoma. Mahali pa maoni aliandika, "Anafaa."

Tangazo halikuondolewa, lingali pale Otonglo, limepauka. Taarifa ya idara ya robo mwaka iliyofuata inasema kwamba nyasi za Kosudhe zimetunzwa vizuri kuliko bustani nyingine zote, fupi na sawasawa kila asubuhi. Mashine ya kukata nyasi ya bustani hiyo bado haijanunuliwa.