Wifi yangu "chef" karibu amuue mzee na pudding ya madonge

Wakuu, niaje. Bado nina hasira, lakini nitaeleza vile ilikuwa bila kuongeza chumvi.

Mzee wangu alipata stroke. Naishi naye Buruburu, kwa nyumba ile ile alikotulelea. Mkono umeanza kurudi, koo bado. Daktari alisema kila kinachoingia mdomoni kiwe kizito na laini kabisa. Hata maji matupu yanamkaba.

Kwa hivyo ni uji asubuhi, uji jioni. Mtu aliyekuwa akimaliza mbavu za mbuzi peke yake sasa akiona kikombe anageuza uso ukutani.

Nikanunua pudding ya vanilla, ile ya paketi ambayo haipikwi, unachanganya tu na maziwa. Angalau alambe kitu kitamu.

Sasa, kaka yangu ameoa. Wifi tumwite Sheila. Alifanya kozi fupi ya keki, akatoka huko akiwa chef. Ana channel, ana apron yenye jina lake. Jikoni humwambii kitu.

Jumamosi walikuja kumwona mzee. Mimi nikiwa nje naanika nguo, Sheila akatoa paketi kwa kabati.

Nilimkuta amemwaga unga wote kwa bakuli na anaumwagia maziwa yanayochemka, kama mtu anaosha karo la vyombo. Simu imesimamishwa kando, inarekodi.

"Sheila, paketi imeandikwa maziwa baridi."

"Dear, mimi nimesomea hizi vitu. Moto ndio huyeyusha."

Kuyeyusha gani? Madonge yalikuwa yanaelea kama vipande vya sabuni kwa beseni. Nikamwambia asimpe kabla sijachuja, nikageuka kutafuta kichungi cha chai.

Kugeuka tena, Sheila hayuko; kumfuata sebuleni, kijiko kiko tayari mdomoni mwa mzee na simu iko usoni mwake.

Akakabwa. Macho yalimtoka, midomo ikawa kama majivu. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni mpaka donge likaruka. Nikalipasua na kidole. Ndani, unga mkavu.

Mnajua chef alisema nini?

"Labda hakutafuna vizuri."

Pudding, wakuu. Kutafuna.

Nilimfukuza na apron yake. Kaka yangu akaanza, "Umemkosea bibi yangu heshima." Nikamwekea lile donge kwa kiganja. Akaliangalia, akamwangalia baba yake anayetweta, akachukua funguo za gari.

Kesho yake nikachukua paketi nyingine. Maziwa baridi kutoka kwa fridge yanatangulia kwa bakuli. Unga unanyunyizwa juu kidogo kidogo, mkono mwingine unapiga na ile waya ya kupigia mayai bila kupumzika. Kwaruza kando na chini, huko ndiko unga hujificha. Ikianza kuwa nzito unaacha, inatulia dakika chache. Mimi niliipitisha pia kwa kichungi, kwa sababu ya hofu tu. Hakukuwa na kitu cha kuchuja.

Hiyo ndiyo sayansi yote. Imeandikwa nyuma ya paketi.

Lakini mzee alikataa kufungua mdomo. Aliangalia bakuli kama ni sumu. Nikala kijiko cha kwanza mbele yake, nikala cha pili. Akafungua, kidogo sana.

Akameza. Tukangojana. Hakukohoa.

Akainua ule mkono mgonjwa, akasukuma bakuli kwangu. Nikadhani amekataa. Kumbe anataka nijaze kijiko. "Mingi," akasema. Neno lilitoka limepinda, lakini nililisikia.

Nilichojifunza: mgonjwa wako usimwachie mtu anayetafuta views. Na usione haya kufukuza mtu jikoni.

Wenye mnalisha wazazi wenye shida ya kumeza, mnawapa nini kingine kitamu? Nielekezeni.

Na wewe unayekuja kutetea maziwa moto, meza kwanza donge moja kavu, halafu uandike.