Usimwandike Mtoto Asiyekuwepo

Nakumbuka asubuhi moja ya Septemba kule Muyinga, nikiwa mwalimu mwenye umri kama wako, nilipotia alama ya "yupo" mbele ya majina matano ya watoto ambao hawakuwepo darasani. Nilijua hawapo. Nilijua hata walipo: walikuwa Kobero, mpakani, wakibeba mizigo ya wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kabanga, upande wa Tanzania. Niliwaandika kwa moyo mweupe kabisa, mwanangu, na ndiyo maana siwezi kukuacha ulale na maneno uliyoniambia juzi.

Juzi ulikuja hapa kwangu Mutaho, ukala maharage na ndizi, ukasifu mapishi (uongo mtupu, chumvi ilikuwa imezidi), halafu ukatoa mfukoni ile karatasi ya ukaguzi wa usalama wa shule. Darasa lina mlango wa pili unaofunguka? Kuna ndoo za mchanga karibu na jiko? Watoto wanajua pa kukusanyikia? Zoezi la kutoka nje lilifanywa lini? Ukacheka. Ukasema shuleni kwenu Bukirasazi mlango wa pili umezibwa na madawati mabovu tangu mwaka jana, na zoezi hakuna anayelijua, lakini utajaza "ndiyo" kote ili direkta wako, mkuu wa shule, asiaibike mbele ya mkaguzi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na wageni. Sasa wageni wameondoka.

Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania tulilelewa na orodha. Siku ya kuhesabiwa tulisimama mstarini, jina likiitwa unaitika, na asiyeitika chakula chake kilikatwa. Kwa hiyo tulijifunza mapema kuitikiana. Jirani akiwa msibani, au mwanawe akiwa ameenda kutafuta kuni, mtu mmoja nyuma ya mstari alisema "yupo", na sote tukatazama chini. Hatukuuona kuwa uongo. Tuliuona kuwa ujirani mwema, na mama yangu, mtu asiyekosa ibada hata Jumapili moja, alikuwa hodari wa kuitika kwa sauti tatu tofauti.

Tuliporudi Burundi nikapata kazi katika shule ndogo kando ya barabara ya kwenda Kobero, na tabia ile nikaja nayo. Wale watoto watano walikuwa wa wazazi waliorudi kama mimi. Mashamba yao yalikuwa bado yanagombaniwa, na siku ya soko mtoto aliyebeba mizigo mpakani alirudi nyumbani na unga. Sheria ya shule ilikuwa wazi kwamba mtoto akizidisha utoro jina lake linafutwa. Nikajiambia kwamba hawatafutwa kwa kalamu yangu mimi, na kila wiki nikawaitikia kwenye daftari.

Direkta wetu, Mzee Laurenti, alikuwa mwenyeji wa Muyinga, mrefu, mkali, na sauti yake ya besi kanisani ilikuwa inatetemesha mabenchi. Alikuwa na zoezi lake. Kila mwezi, bila kutangaza, aligonga rimu la gurudumu la lori lililoning'inizwa kwenye mkaratusi, na kila darasa likatoka kwa mstari mpaka uwanja wa mpira, mwalimu nyuma na daftari la mahudhurio mkononi, watoto wakahesabiwa. Sisi walimu vijana tulimcheka. Tulisema mzee huyu anaogopa moto wa duniani kuliko wa jehanamu. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha wenyewe ulikuwa kwenye daftari langu.

Asubuhi ile ya Septemba jiko la shule, lililoegemea ukuta wa darasa langu, lilishika moto. Kiangazi kilikuwa hakijaisha, upepo ulikuwa mkali, na cheche ziliingia kwenye dari yetu ya matete. Rimu likagongwa. Watoto wakatoka kama walivyozoezwa, bila kusukumana, kwa kuwa miguu yao ilikuwa inaijua njia hata kama akili imepotea. Muda wa kusali Baba Yetu mara mbili haukuisha, wote walikuwa uwanjani. Nilijiona shujaa, sikufichi.

Mzee Laurenti akaja kwangu, akachukua daftari, akahesabu watoto akimgusa kila mmoja kichwani. Alikuwa akinisemesha Kiswahili chake cha Muyinga, maana Kirundi changu siku hizo kilikuwa kinachechemea.

"Hapa iko arobaini na sita," alisema. "Daftari inasema hamsini na moja. Watano iko wapi?"

Mwanangu, maneno mawili tu yangetosha: wako Kobero. Nilifungua mdomo. Nikawaona walimu wenzangu wananitazama, nikaona kazi yangu inaondoka, nikaufunga. Sijui nilinyamaza kwa muda gani, lakini kwake muda huo ulitosha. Alivua koti, akalichovya katika pipa la maji, akajifunika kichwa na kuingia darasani. Hapo ndipo sauti ilipokuja. Nikapiga kelele kwamba hawamo, hawamo, huku nikikimbia nyuma yake, lakini watoto walikuwa wanalia na moto unanguruma, na yeye alikwisha kupita mlangoni.

Wataalamu wa leo watakuambia kwamba mtu akishatoka asirudi ndani, na wana haki, na wewe wafundishe watoto wako hivyo hivyo. Lakini mwekee mtu mbele yake majina matano ya watoto, halafu umwambie asubiri. Wapishi wawili waliomfuata walimkuta anainua dawati moja baada ya jingine, akitazama chini ya kila moja. Dari ilianguka wakiwa wanamvuta miguu. Mikono yake iliungua mpaka viwikoni, na moshi ulikuwa umekwisha kumharibu kifua.

Siku tisa nilikaa nje ya wodi bila kuthubutu kuingia. Wazazi walikuwa wanamletea uji na matunda, wakimshukuru kwa kuwaendea watoto wao motoni. Hata wazazi wa wale watano walikuja, wakisalimia huku wanatazama sakafu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi yalikuwa yangu na kifo kilikuwa kimemkaribia mtu mwingine. Siku ya kumi akaagiza niitwe. Nilitegemea kutukanwa, na ningefurahi kutukanwa.

"We uliandika watoto penye hawako," alisema polepole, kwa kuwa pumzi haikumtosha. "Mi nilienda kuwatafuta penye uliwaandika."

Nililia mpaka muuguzi akaja kutazama. Nilipomaliza, aliniambia kwamba yeye hatasema neno kwa mkaguzi wala kwa wazazi, kwa sababu hiyo ni kazi yangu, na kwamba nisingoje apone. Wiki hiyo hiyo nikasimama mbele ya mkutano wa wazazi na kueleza kila kitu. Mama mmoja alitema mate chini akatoka. Nilisimamishwa kazi muhula mzima, na nilistahili zaidi ya hapo.

Alipotoka hospitali, mikono ikiwa bado imefungwa bendeji, alinituma Kobero siku ya soko niwatafute wale watano, mmoja mmoja, katikati ya malori na wapagazi, kisha niende kwa wazazi wao. Nilikwenda. Nikakaa nao, nikasikia shida zao zote, nikazipeleka kwenye kamati ya wazazi. Unajua ilichukua muda gani kupata dawa? Alasiri moja. Kamati ilikubali familia zile zipate sehemu ya mavuno ya shamba la shule mpaka kesi za mashamba ziishe, na watoto wakaacha mizigo wakarudi darasani. Kumbe njia ya kuwatetea bila kudanganya ilikuwepo siku zote, ila mimi sikuwahi kumwuliza mtu yeyote. Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa mjinga wa kutouliza.

Mzee Laurenti aliishi miaka mingi baada ya pale. Hakuimba tena. Kila Jumapili alikaa katikati ya kwaya, kitabu kimefunguliwa magotini, mdomo umefungwa, na mimi nilikuwa benchi la nyuma yake. Alinisamehe kwa kinywa chake mwenyewe, na najua alimaanisha. Hata hivyo inaniuma mpaka leo, na sitaki ije ikuume wewe kwa miaka yote hiyo.

Basi nisikilize. Najua unataka kumsitiri direkta wako, na kusitiri watu ni tabia njema niliyokufundisha mwenyewe. Lakini karatasi ya usalama si mahali pa kusitiriana. Penye "hapana" andika hapana, hata kama ukurasa mzima utajaa hapana, kwa sababu siku ya hatari kuna mtu atakayeiamini karatasi yako kwa uhai wake. Atakimbilia mlango ulioandika kuwa unafunguka. Atanyoosha mkono kwenye ndoo uliyoandika kuwa ina mchanga. Tahadhari ni kabla ya athari, na Bukirasazi mna bahati kwamba athari bado haijafika. Madawati yale yatoeni kesho, wala hamhitaji msaada wa serikali kwa kazi ya mikono minne. Tafuteni chuma cha kugonga, chagueni uwanja, wazoezeni watoto mpaka wachoke na wewe uchoke. Ita majina asubuhi, yaite tena baada ya mapumziko, na mtoto asiyekuwepo mwandike kwamba hayupo, kisha nenda ukamtafute kwao. Ukiona aibu kusema ukweli, useme hivyo hivyo ukiwa na aibu. Aibu huisha, mwanangu. Mimi niliitapika yangu mbele ya wazazi wote na bado nikafundisha miaka ishirini na mbili.

Na usidhani nimemaliza kwa kuandika. Jumapili baada ya ibada nitashuka Gitega mjini, nitalala kwa dada yako, na Jumatatu nitakuwa Bukirasazi kabla ya kengele ya kwanza, na magoti yangu haya haya ya uzee. Nitasimama uwanjani kwenu nione watoto wanavyotoka. Direkta wako akinuna, mwache, nitazungumza naye mimi. Wakali kama yeye nimewazoea.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kalamu yako isiandike ila jicho lilichokiona. Aulinde mdomo wako usichelewe siku ya kuulizwa. Akupe watoto wengi darasani, na kila jioni awarudishe kwa mama zao idadi ile ile aliyokukabidhi asubuhi.