Mkono Chini ya Kitenge

Yai linapochemka na kuanza kugongagonga sufuria, mimi huondoka jikoni. Wajukuu wangu wanadhani bibi yao anaogopa yai, na wamenicheka vya kutosha, siwaambii kitu. Nyinyi nitawaambia. Sauti ile ndogo ya kitu kigumu kinachocheza ndani ya maji ya moto ndiyo sauti ya mabomba ya sindano ya mama yangu, yale ya kioo ya zamani, yakichemka juu ya mbabula ya makaa ileile iliyopika maharage yetu. Nikiisikia nakuwa na miaka tisa, niko Uvira, na mtu mwenye bunduki amesimama mlangoni.

Mama alikuwa muuguzi, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Daktari Mzungu wa zahanati yetu alivuka mpaka kwenda Bujumbura wiki chache baada ya uhuru, akasema atarudi Jumatatu, na Jumatatu hiyo bado tunaingojea. Mama akarithi koti lake jeupe, lililomfika karibu na vifundo vya miguu, kabati la dawa ambalo mlango wake haukufunga vizuri, na wagonjwa wote kuanzia Kilibula mpaka mashamba ya bonde la Ruzizi. Wakamwita Mama Munganga, yaani mama daktari. Zahanati na nyumba yetu vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na ukuta wenyewe haukufika juu, kwa hiyo nilikua nikisikia watu wakikohoa na kulia kama watoto wengine wanavyokua wakisikia kuku.

Wagonjwa wake hawakuwa watu rahisi. Alikuwako mvuvi mmoja mzee ambaye kwake dawa isiyouma haikuwa dawa. Vidonge alivitema mbele ya mama. Siku sindano za dawa zilipokwisha, mama alimdunga maji ya chumvi, na mzee akaenda zake akichechemea na kumsifu. Alikuwako mkulima wa Lubarika, mwanamke wa Kirundi mwenye sauti nzito, aliyeleta watoto sita kwa siku moja, mmoja tu akiwa mgonjwa, ili asirudie safari. Walikuja tukiwa mezani, walikuja mama akinyonyesha. Alikuwa na mdogo wangu Nestori, wa miezi saba, na mara nyingi alimpima mtu homa kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mtoto kifuani. Baba alikuwa dereva wa lori upande wa Bujumbura. Barabara ilipofungwa kwa sababu ya maasi, akabaki huko.

Maasi yenyewe sikuyaelewa. Nilielewa hofu. Askari wa serikali waliondoka asubuhi moja bila kuaga mtu, na mchana wakaingia wapiganaji wenye majani kichwani na vipande vya ngozi ya mnyama mkononi, wengi wao vijana tu, wakipiga kelele kwamba risasi kwao ni maji. Walikuwa wamenyunyiziwa dawa. Kila mtu mjini alizijua haraka sheria za dawa ile, kwa sababu kutozijua kuliweza kukuua. Mpiganaji aliyenyunyiziwa hakuguswa na mwanamke, wala hakula chakula kilichopikwa na mwanamke. Akivunja mwiko, dawa ilikufa mwilini mwake, na risasi ikawa risasi tena. Nilimwona mama mmoja sokoni akipigwa kitako cha bunduki kwa sababu kikapu chake kilimgusa mpiganaji mkono. Tangu siku hiyo nilitembea nimebana mikono kwenye mbavu, hata ndani ya nyumba, hata usingizini nadhani.

Walitujia saa saba mchana. Wapiganaji wanne walimbeba kijana juu ya mlango uliong'olewa mahali fulani, wakamlaza kwenye meza ya zahanati, wakatoka. Akabaki komanda wao, mtu mfupi mwenye koti la mvua, ingawa jua lilikuwa kali. Kijana alikuwa na paja lililovimba, jeusi pembeni, na harufu yake ilipita juu ya ukuta ikanifikia nilipokuwa nimembeba Nestori. Nilichungulia mlangoni.

"Mama, huyu iko na mwiba mu mguu," komanda akasema. "Utautosha." Kwetu kutosha ni kutoa.

Ilikuwa risasi. Hata mimi niliiona kuwa risasi. Lakini mtu mwenye dawa hapigwi risasi, basi ilibidi iwe mwiba, na wote mle ndani tukakubaliana na mwiba.

"Ni mwiba mukubwa," mama akasema taratibu.

"Lakini weye hapana kumugusa. Mwanamuke akimugusa, dawa inakufa. Dawa ikikufa, na weye unakufa."

"Sasa nitautosha namna gani, komanda?"

"Iyo ni kazi yako. Na yeye akikufa, ni vilevile."

Nilimwona mama akilitazama paja, akaitazama mikono yake, kisha akageuka akaniona mlangoni. Nawaambia kweli, nilitamani asinione. Nilimjua mama yangu, na uso ule ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Kuko uyu mutoto wangu," akasema. "Hayakuwa bado mwanamuke. Iko na myaka saba. Yeye atashika, minye nitamwambia tu kwa kinywa."

Miaka saba! Nilikuwa na tisa, nakaribia kumi, na nilikuwa mtoto wa kujivunia miaka yangu. Nilikuwa nimepokea komunyo ya kwanza na kila mgeni alilazimika kusikia habari hiyo. Zaidi ya hayo, mama alikuwa mkali juu ya uongo. Mwezi uliotangulia alinisugua ulimi kwa sabuni ya kufulia kwa sababu ya uongo kuhusu kikombe. Komanda akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka tumbaku na jasho.

"Weye, katoto. Uko na myaka ngapi?"

Nilimtazama mama. Hakunipa ishara yoyote, alikuwa akitazama mahali pengine kabisa, kwenye kabati la dawa. Nadhani aliogopa hata kupepesa. Nilihisi sabuni ulimini.

"Saba," nikasema.

Mama alimchukua Nestori akaketi kwenye kigoda kando ya meza, mikono yake ikionekana, imejaa mtoto. Mimi nikapanda juu ya sanduku. Nikanawa kwa spiriti mpaka kwenye viwiko kama nilivyomwona yeye akifanya kila siku, nikachukua kisu kidogo na koleo kutoka kwenye sufuria iliyochemka, vikiwa bado na moto. Kijana alikuwa macho. Alikuwa na kidevu kisicho na ndevu hata moja, na aliniogopa mimi kama nilivyomwogopa yeye.

"Fanya sawa unapasua mukeke," mama akasema. Mukeke ni samaki wa ziwa letu, na nilikuwa nimepasua mia. "Usiende kwa nguvu. Pitisha kisu pale peupe."

Sauti yake ilikuwa ya jikoni, ya siku zote, na mimi niliichukia. Niliwaza: huyu mwanamke haogopi, hana habari na mimi, anataka mguu wa mgonjwa wake upone. Nikapasua. Usaha ukatoka, kijana akauma kitambaa, na mimi nikajikojolea kidogo juu ya sanduku, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Mama akaendelea kusema: ingiza koleo, shuka, usiogope ukisikia kigumu, ndicho hicho, kishike, vuta polepole. Kilitoka. Kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya hindi.

Nyuma yake ikafuata damu, na hiyo mama hakuwa amenieleza.

"Bonyeza," akasema. "Weka kitambaa, bonyeza."

Nikabonyeza kwa viganja vyote viwili. Damu ikapita kati ya vidole vyangu, ya moto, ikatiririka mezani. Nikabonyeza kwa uzito wangu wote, lakini uzito wangu wote ulikuwa wa mbuzi mdogo. Nestori akaanza kulia. Mama akafungua blauzi akampa titi, na komanda, ambaye alikuwa na dawa yake mwenyewe ya kuilinda, akaguna kwa hasira akageuka kutazama nje.

Hapo mama akainama juu ya meza kana kwamba anataka kuona vizuri. Kitenge alichombebea mtoto kikashuka begani, kikafunika mikono yangu na paja la kijana. Chini ya kitenge nikasikia mkono wake. Uliisukuma mikono yangu pembeni, ukaingia moja kwa moja kwenye jeraha, ukabonyeza. Mkono mkubwa, mkavu, wenye nguvu za mtu anayesonga ugali kila siku. Mtoto alikuwa ananyonya kwa kelele. Komanda alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, na nilimtazama mgongo nikisali Baba Yetu, nikifika katikati nasahau, naanza upya. Kama angegeuka tu kupiga chafya, tungekuwa tumekufa wote watatu. Sijui ilikuwa muda gani. Damu ikapungua, ikakoma, na mkono ule ukaondoka kama ulivyokuja.

Nikafunga bendeji. Komanda akageuka, akautazama mguu, akamtazama kijana.

"Mwanamuke amekugusa?"

Kijana alimtazama mama. Kisha akanitazama mimi, mikono yangu imejaa damu mpaka kwenye viwiko.

"Hapana," akasema. "Ni katoto tu."

Niliona kwamba Mungu alikuwa amemzimisha akili kwa maumivu asijue kitu, nikamshukuru.

Akabaki zahanati kwetu siku kumi na moja. Alikuwa mgonjwa msumbufu. Alitaka kulala akitazama ziwa, kisha alichukia mwanga wa ziwa. Siku mbili za kwanza alikula viazi vitamu nilivyomchomea mimi, kwa sababu chakula cha mama kilikuwa mwiko. Siku ya tatu, wenzake wakiwa hawapo, alisikia harufu ya ndagala tulizokuwa tunakula, akaita kupitia juu ya ukuta.

"Mama, na minye unipe sahani."

Mama alisimama na kijiko mkononi, hakusogea kwa muda mrefu. Kisha akampakulia, akampelekea mwenyewe. Niliona aibu kwa niaba ya kijana. Nilifikiri, njaa imemshinda, na sasa anajivunjia dawa kwa ajili ya dagaa. Tangu siku hiyo alikula kila alichopika mama na kufuta sahani kwa kidole.

Asubuhi ya kumi na mbili komanda alikuja na lori. Walikuwa wanakwenda Kamanyola, ambako askari wa serikali walikuwa wamerudi. Nje ya zahanati mtu wa dawa alipita mbele ya vijana na ndoo yake, akauliza kama kuna aliyevunja mwiko, aseme ameguswa na nani na lini, asafishwe, anyunyiziwe upya. Wawili walisema makosa yao, wakapigwa viboko vichache, wakanyunyiziwa, wakapanda wanacheka. Kijana wetu alisema hana kosa. Akapanda kwa mguu mzuri kwanza, akavuta ule mwingine. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Nestori mgongoni.

Wiki iliyofuata mmoja wa wale waliombeba alipita kuomba dawa ya kuhara, akatuambia kwamba kijana alianguka kwa risasi siku ya kwanza kabisa, kabla hata hawajafika mjini. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikajificha. Sisi ndio tuliomwua, mimi na mama. Tulimwulia dawa yake chini ya kitenge, tukamwacha aende vitani bila kujua. Nilibeba jambo hilo miaka mingi. Sikuliungama hata kwa padri, kwa kuogopa kwamba ukuta wa kanisa nao haufiki juu.

Nilipokua nikawa muuguzi, ni lazima mtu arithi lile koti. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nafunga kidonda cha mzee aliyepofuka, mchana, kuna kelele za watu kila upande. Nilikuwa sijasema neno. Mzee akasema, "Weye haiko ule wa jana. Ule wa jana iko na mukono mudogo." Nikabaki nimeshika bendeji. Mikono yangu ya miaka tisa, laini, midogo, halafu mkono ule wa mama ndani ya jeraha bichi, na kijana akiwa macho muda wote. Nikaikumbuka na sahani ya ndagala.

Nilipopata likizo nilikwenda nyumbani Kilibula. Mama alikuwa amezeeka, ameketi uani anachambua mchele. Nikamwuliza kama kijana alijua.

"Alijua," akasema, bila kuuliza kijana yupi. "Siku ile aliniomba sahani, nilijua kama anajua."

"Na mtu wa dawa alipouliza?"

"Angesema, wangemunyunyizia mayi ingine, akaenda na roho yake nzuri. Na minye wangenikata palepale ku mulango. Hakusema." Aliokota jiwe dogo, akalitupa. "Alinitazama kutoka mu lori. Nilikuwa nangojea aseme, na hakusema. Na minye sikusema, sababu nilikuwa na nyinyi wawili."

Nikadhani amemaliza. Akautikisa ungo kidogo.

"Na mama yake pia alikuwa na yeye," akasema.