Watoto Kumi na Saba wa Ubatizo

Nilipotimiza miaka thelathini na tano nilikuwa na watoto kumi na saba wa ubatizo, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumsimamia wangu. Huyo alikuwa mtoto wetu wa tatu, wa kiume, aliyezaliwa Nyasura, Bunda, baada ya sisi kuhama Musoma. Paroko wa Bunda alishatangaza kwamba watoto wachanga wangebatizwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka, na asiye na msimamizi angerudi nyumbani mgongoni mwa mama yake kama alivyokuja. Kaka zangu wote walikuwa Wasabato. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliishi na mwanamke bila ndoa ya kanisa, kwa hiyo paroko hakutaka hata kusikia habari zake. Nilimwambia mke wangu atulie. Mtu aliyesimamia watoto kumi na saba, nikasema, atakosaje mmoja wa kumrudishia fadhila?

Nilisema fadhila, na nilimaanisha. Ujinga huo nauandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Miaka ile ya shida nilikuwa karani wa ghala la bidhaa mjini Musoma. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, mabati, betri za redio, hata marekani ya kushonea sanda, vyote vilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka mezani kwangu. Mkubwa wangu alitia sahihi tu. Mwenye kuandika kiasi nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na wazee wenye mvi walivua kofia mlangoni kwangu wakaniita mzee. Mke wangu aliniambia mapema kwamba wale watu wanaisalimia sukari. Nilimnunia siku mbili.

Ubatizo ulianza kama mchezo. Mwalimu mmoja wa Kamunyonge, jirani yetu, aliniomba nimsimamie mwanawe. Baada ya misa tulikunywa chai nyumbani kwake, chai yenye sukari ya kutosha, maana kibali niliandika mimi. Baada ya hapo wakaja wengine. Walitoka vijiji vya ziwani na samaki wakavu ndani ya kikapu, wakatoka Butiama na kuku aliyefungwa miguu, na wote maneno yao yalikuwa yaleyale: mtoto huyu hatujaona mwingine wa kumshika isipokuwa wewe. Mtu gani hapendi kuambiwa hivyo? Kichwa kilivimba. Nilivaa suti yangu ya kaunda, nikashika mshumaa, nikaweka mkono begani kwa mtoto, nikamkataa shetani kwa niaba yake kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Kisha nikala wali, nikapanda gari, nikarudi zangu mjini. Kurudi kuwaona watoto hao sikurudi, na wala sikuhisi kwamba kuna kitu sijafanya.

Halafu biashara ikafunguliwa. Wenyewe walikuja kuiita soko huria. Mimi niliiona kwanza kwenye kibanda cha stendi, mfuko wa sukari umeachwa wazi juu ya meza na muuzaji anasinzia pembeni yake, hana habari. Nilisimama nikashangaa. Kufika mwaka uliofuata, foleni ya mlangoni kwangu ilikuwa imekwisha, na wale wazee walinipita barabarani na kofia zao kichwani. Ghala lilifungwa, tukapunguzwa kazi. Tulishindwa kulipa pango la nyumba ya Kamunyonge, tukahamia Nyasura, kwenye kiwanja alichopewa mke wangu na shangazi yake. Nikashika jembe. Nilikuwa sijashika jembe tangu darasa la saba, na viganja vyangu vilitoka malengelenge mpaka mke wangu akanifunga vitambaa huku akijizuia kucheka. Pamba yangu ya kwanza ilistahili kuchekwa. Mtu wa miaka thelathini na tano anajifunza kupalilia kutoka kwa mkewe, na majirani wanapita wakitoa pole isiyo na pole ndani yake.

Kwa hiyo suala la msimamizi halikuwa dogo kwangu. Nilitaka mmoja wa wale watu asimame mbele ya kanisa la Bunda, nijue kwamba miaka saba ile niliheshimiwa mimi. Katekista alinishauri nichukue mtu yeyote wa jumuiya yetu ya Nyasura, mradi amepata kipaimara na anaishi vizuri. Nilimjibu kwamba mwanangu hashikwi na mtu wa kuokota.

Nilianza na yule mwalimu wa Kamunyonge. Ualimu alishauacha, akafungua duka la mabati na misumari karibu na soko la Musoma. Aliponiona alinyanyua mikono yote miwili.

"Mzee wangu! Umepoteaga wapi wewe?"

Alinipa kiti na soda. Nikamweleza shida yangu. Akaishika meza, akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo ningeiamini kama nisingekuwa nimeitumia mimi mwenyewe mara nyingi, kwa watu waliokuja kuomba mafuta siku ambayo mafuta yalikuwapo ila sikutaka kuwapa.

"Hiyo Jumapili ndiyo ninaendaga Mwanza kuchukua mzigo, mzazi mwenzangu. Ungenijulisha mapema."

Nilimeza hasira pamoja na soda. Ili nisiondoke kinyonge nikauliza, "Na mwanangu hajambo?"

"Yupi sasa? Ninao sita."

Nilifungua mdomo, sikuwa na jina la kulitaja. Hata kama alikuwa wa kwanza au wa tatu sikukumbuka. Nikasema, "Huyo huyo," tukacheka, nikaaga. Njia nzima ya kurudi Bunda nilimtukana moyoni, eti mabati yamempanda kichwani. Kwamba ni mimi niliyeshindwa kumtaja mtoto, hilo nililiruka.

Wiki iliyofuata nilikwenda Butiama. Huko nilikuwa na familia moja niliyoikumbuka vizuri kwa sababu mume alinijia ghalani mara tatu kabla sijakubali kumsimamia mwanawe, na sherehe yao ilikuwa na nyama nyingi kuliko zote. Niliteremka njia panda, nikatembea kwa mguu, nikauliza njia mara mbili. Nilimkuta mama wa nyumba peke yake uani, akianika udaga, mihogo iliyovundikwa, juu ya mwamba. Alinitazama kidogo, akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti.

"Karibu baba. Baba wa ubatizo, karibu sana."

Nikiri kwamba nilifurahi. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kunipokea hivyo. Alinipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa, akaniambia mumewe yuko machimboni, anarudi jioni. Nikakohoa, nikauliza kwa sauti yangu ya zamani, ile ya ghalani, "Na mwanangu yuko wapi? Ameenda shule?"

Alichukua kipande cha udaga, akakigeuza upande wa pili.

"Si tulimzika, baba. Huu ni mwaka wa tatu. Surua."

Nilisema sikupata habari.

"Ulipataga," akasema. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejitetea. "Shemeji yangu alileta barua ya kijiji mpaka mezani kwako, ya kuomba sanda. Ukaandika mita nne. Tulishangaa sana, maana mtoto mdogo vile mita mbili zinamtosha. Mume wangu akasema, unaona, amejua ni mwanae, ameongeza. Tukamzungushia zote."

Kila barua ya sanda niliiandikia mita nne. Mzee, mtoto, mwanamke, mita nne. Sikuwa nasoma jina. Niliangalia muhuri wa kijiji, nikaandika, nikasukuma karatasi pembeni, nikasema "mwingine."

"Tulikungojaga," akaendelea. "Watu walitaka kuzika mchana, mume wangu akasema hapana, baba yake wa ubatizo yuko njiani kutoka Musoma, magari ni ya shida. Tukangoja mpaka jua likapoa. Yeye mwenyewe alikuwaga anakuulizia akiwa mzima. Baba wa mjini anakujaga lini?"

Nilimwambia kwamba siku ile nilipata udhuru. Neno hilo, udhuru, lilinitoka kirahisi sana, nililizoea kazini. Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini, na kama angenirushia ule udaga usoni ningeshukuru.

Akaniuliza, "Au una jambo unamtakia mume wangu? Mwambie tu, atakuja. Ukimwita wewe atakuja."

Hapo ndipo nilipokuwa na msimamizi. Yule mume alikuwa machimboni, lakini amekwisha kupatikana, bila kuombwa mara mbili, na katika watu wote wale huenda ndiye peke yake aliyenithamini mimi kweli, kwa kosa. Nilitazama chini. Ningemwambiaje baba wa yule mtoto amshike wangu?

"Hapana," nikasema. "Nilipita kusalimia."

"Ahsante kwa kutukumbuka," akasema, akanifungia udaga kwenye kitambaa niwapelekee watoto. Niliuchukua. Nilishindwa hata kuukataa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, mpaka lile neno udhuru. Nilitegemea anilaumu, nikawa nimejiandaa kumjibu. Alikaa na mtoto kifuani, akaniuliza tu kaburi liko upande gani wa nyumba. Sikujua. Nilikuwa nimekaa pale uani saa nzima na sikuuliza.

Siku ya ubatizo katekista alitutafutia mtu wa kwaya, fundi baiskeli wa Nyasura, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Yule yule mtu wa kuokota. Mlangoni aliniuliza jina la mtoto, akalirudia kwa sauti ndogo mara kadhaa ili asikosee mbele ya padre, kisha akauliza amezaliwa lini na huwa anasumbuliwa na nini. Alimshika kichwa wakati wa maji kwa mikono miwili. Mwanangu alilia, naye akambembeleza mpaka akanyamaza, misa ikaendelea.

Tulipotoka nje alikuwa na furaha, akitaka mazungumzo. Huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza wa ubatizo, akasema, na hakulala vizuri kwa kufikiria anapaswa kufanya nini.

"Na wewe baba, unao wangapi?"

"Kumi na saba," nikasema.

"Kumi na saba!" Alinitazama kwa heshima, na ile heshima, Mungu anisamehe, niliipenda. "Wazima lakini?"

"Wazima," nikajibu. "Wazima wote."

Mke wangu alikuwa amesimama karibu, amesikia. Alimfunika mtoto vizuri na kanga, akatangulia nyumbani bila kunisubiri.