Vitumbua vya Mlangoni Kanga

Wasomaji, nichekeni tu. Tangu nimalize shule Tanga na kuletwa Mafia kuwa karani wa akida, nazunguka vijijini peke yangu, na faraja yangu ni chakula cha asubuhi. Kijijini Baleni nilikula muhogo wa nazi barazani. Hakuna aliyeniuliza jina.

Kijijini Kanga nilipangiwa chumba cha uani. Alfajiri mlango uligongwa. Nilipofungua sikuona mtu, ila sinia la vitumbua vya moto. Nikawaza sana. Nani amenionea huruma? Au nilisalimia vizuri jana? Nikala vyote, machozi yakinilenga.

Kesho yake nikavizia mlangoni. Kumbe mletaji ni bibi mtu mzima. Nikadaka kitumbua, nikatafuna.

"Shikamoo, bibi. Ahsante kwa kunikumbuka."

"Marahaba. Nani wewe? Bwana harusi wetu yuko wapi?"

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa, kijana akachungulia. "Niko huku, bibi. Tangu jana fungate yetu ni ya njaa. Nikaona haya kuuliza, nikadhani wakwe wamenichukia."

Bibi akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, ulidhani nani wa kukupikia hapa?"

Kitumbua kilikuwa bado mdomoni.