Masikio ya Dakta Leschanz

Miaka saba mpishi Walburga Nechwatal alisikia kwa niaba ya mtu mwingine. Bwana aliyemtumikia, Dakta Leschanz, ndiye mhakiki wa muziki aliyeogopwa kuliko wote Vienna, na masikio yake yalikuwa yamekufa. Kwenye tamasha alikaa mbele, macho kayafumba kwa madaha. Walburga alisimama nyuma, kwa wasio na viti. Asubuhi, akimmiminia kahawa, alimpigia kelele kwenye pembe ya kusikilizia: fidla zilichelewa, yule mwimbaji pumzi hana. Bwana aliandika, gazeti likatoka na jina lake. Walburga hata kusoma hakujua.

Alitaka kitu kimoja tu: kitabu chake cha utumishi. Dada yake alimpatia kazi ya kufua huko Linz, lakini bila kitabu chenye sahihi ya bwana hakuna atakayempokea. Nacho kilifungiwa kwenye saraka.

"Bwana, nipe kitabu changu niende."

"Ukienda nani atanisikilizia? Paka?"

Basi Walburga akaamua kumuaibisha. Binti mmoja, Hermine Zallinger, alipiga kinanda hadi watu wakalia. Asubuhi Walburga akasema, "Kavuruga. Mkono wa kushoto mzito kama gunia la viazi."

"Mbona watu walisimama?"

"Walikuwa wanatafuta makoti yao."

Gazeti likatoka. Walburga akangoja mji umcheke bwana. Sokoni akakutana na Bi Pospischil, muuza mikate, aliyesimama ubavuni pake usiku ule akilowesha leso.

"Umesikia habari za yule binti? Mkono mzito kweli. Mimi niliona mapema."

"Si ulilia wewe?"

"Nilimwonea huruma, mwenzangu."

Kufika Jumamosi, kumbi mbili zilikuwa zimemfutia Hermine tamasha zake. Walburga akarudi mbio, akashika pembe.

"Nilikudanganya. Alipiga vizuri kuliko wote niliowahi kusikia. Andika upya."

Leschanz alikunja gazeti polepole. "Mji mzima umekubali, niwaambie nini? Kwamba nilitumia masikio ya mpishi?" Akapapasa ufunguo wa saraka mfukoni. "Na sasa unajua kunimaliza. Unadhani nitakuachia uende Linz ukapige domo? Kesho kuna kwaya. Wahi, watu watajaa."

"Na Hermine je?"

"Nani?"

Alikuwa amesikia vizuri tu; pembe ilikuwa bado sikioni mwake. Walburga akaenda jikoni kuchemsha maziwa.